Kununua Gari la Mkononi Mwanza: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtu anayetafuta gari Mwanza huanza na mambo mawili, fedha na jina: ana shilingi milioni kumi na mbili na anataka Toyota IST. Dalali naye humjibu kwa mambo mawili, kilomita na rangi. Swali linalosahauliwa na wote wawili ni lile ambalo mkulima wa Kisukuma haliachi hata siku moja anapokwenda mnadani kununua maksai wa kulimia: huyu alikuwa anafanya kazi gani, na kwa nani? Hatua zote zilizo hapa chini, iwe ni za karatasi, za injini au za barabarani, ni njia za kulipatia jibu swali hilo kabla fedha haijatoka mfukoni.

Ninazungumzia gari la mkononi, yaani lililokwisha kusajiliwa na kutumika hapa nchini. Lile linaloshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani na kuendeshwa zaidi ya kilomita 1,100 hadi kwenye yadi za hapa tumezoea kuliita jipya, ingawa huenda limetembea barabara za Osaka kwa miaka kumi na mitano. Hilo nalo linafaa kukaguliwa kwa njia hizi hizi, isipokuwa karatasi zake ni tofauti.

Hatua ya 1: Chagua injini kabla ya umbo

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi za Mwanza ziko juu zaidi ya hapo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Tanga, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake ikiwa huku. Ukiwa kwenye barabara tambarare ya kuelekea Igoma hutaona tofauti, lakini utaiona unapopandisha Isamilo au mlima wa Bugando ukiwa na watu wanne na gunia la mchele kwenye buti. Kwa hiyo mwenye nyumba mlimani asivutiwe na udogo wa matumizi ya mafuta peke yake. Gari la sisi (cc) 1,000, kama Passo au Vitz ndogo, litapanda, ila litapanda kwa kelele na kwa gia ya chini, na miaka yake itakuwa michache kuliko ya gari hilo hilo lililonunuliwa na mtu wa Nyegezi anayeendesha sehemu tambarare.

Hata magari yanayofanana kwa sura hutofautiana ndani. IST za kwanza zenye chesisi inayoanza na NCP60 zina injini ya sisi 1,298, na zile za NCP61 zina ya sisi 1,496. Herufi hizo zimechapwa kwenye bati lililo ndani ya boneti, nawe una haki ya kuzisoma kabla ya kuambiwa kwamba "zote ni sawa." Uliza pia kama injini inatumia cheni au mkanda wa taimingi. Injini za familia ya NZ zinatumia cheni, lakini nyingi za zamani, kama 5A na 3S, zina mkanda unaotakiwa kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000, na muuzaji asiyekumbuka lini ulibadilishwa mara ya mwisho anakuuzia gari pamoja na gharama ya mkanda.

Nina upendeleo mmoja ambao siuombei radhi: kwa anayeishi wilayani, Sengerema, Misungwi au Ukerewe, simshauri achukue injini ya petroli yenye maandishi ya D-4 kwenye kifuniko chake. Ni injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Ikiwa nzima ni nzuri. Ikianza kusumbua, pampu na nozeli zake ni za bei, na fundi anayeielewa ni wa kutafutwa. Kabla hujapenda gari lolote, pita kwenye maduka ya vipuri ya mjini uulize bei ya vitu vitatu vya aina hiyo: giaboksi, taa ya mbele na shokapu. Majibu hayo matatu yatakueleza gharama ya kulitunza vizuri kuliko maelezo ya mwenye gari.

Hatua ya 2: Tenga fedha isiyo ya gari

Usiende sokoni na fedha yote. Kama una milioni kumi na mbili, gari lako ni la milioni kumi na nusu, na kilichobaki ni cha kubadili jina, bima, oili, tairi na kasoro itakayojitokeza mwezi wa kwanza. Huwa inajitokeza.

Hatua ya 3: Mfikie mwenye mali

Dalali si adui. Anajua magari yaliyopo kuanzia Pasiansi hadi Usagara, anajua nani ana shida ya ada ya shule, na anastahili kulipwa kwa kazi yake. Tatizo ni cha juu: mwenye gari anataka milioni tisa, dalali wa kwanza anasema tisa na nusu, wa pili anasema kumi na laki tatu, na wewe unapofika unajadiliana bei na mtu wa tatu asiyelijua gari hilo hata kidogo. Mweleze mapema kwamba utamlipa kiasi fulani kilicho wazi, na kwamba sharti lako ni kukaa ana kwa ana na mwenye mali, nyumbani kwake au kazini kwake. Akikataa, mshukuru uendelee na safari.

Nyumbani kwa muuzaji ndiko gari linakoeleza habari zake. Angalia linapolala: kama kuna doa la oili sakafuni, kama kuna ndoo za samaki ukutani, kama njia ya kufika hapo ni mawe matupu kama zilivyo njia nyingi za Mabatini na Igogo. Muulize jirani, kwa salamu na kwa utani, gari la mzee linatoka saa ngapi na linarudi saa ngapi.

Hatua ya 4: Soma karatasi kabla ya kufungua boneti

Wengi hufanya kinyume. Wanalipenda gari kwanza, kisha wanazisamehe karatasi. Mimi nasema injini mbovu ina fundi wake, lakini umiliki mbovu hauna gereji.

Anza na kadi halisi ya gari, wala si nakala wala picha ya kwenye simu. Linganisha mambo manne: namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini na jina la mmiliki. Namba ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, kwa tochi, tarakimu moja baada ya nyingine. Kama eneo la namba limekwanguliwa, limechomelewa au rangi yake ni mpya kuliko ya jirani yake, ondoka bila kutoa maelezo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ndefu ya herufi 17 kama ya Kizungu. Yana kifupi cha modeli, kistari, kisha tarakimu, kwa hiyo ufupi wake usikutie hofu. Kisha omba muende pamoja ofisi ya TRA kuthibitisha kwamba kadi hiyo ndiyo iliyomo kwenye mfumo na kwamba gari halina zuio.

Jina lililo kwenye kadi likiwa si la mtu unayeongea naye, zipo hali kadhaa, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza, na ndiyo iliyozoeleka, ni mkataba juu ya mkataba. Mmiliki wa kwanza alimuuzia wa pili, wa pili akamuuzia wa tatu, na hakuna aliyebadili jina kwa sababu kila mmoja alikwepa gharama. Muuzaji atakuonyesha mikataba mitatu iliyobanwa kwa pini na kukuambia kwamba hiyo inatosha. Haitoshi mpaka mtu aliye kwenye kadi apatikane, akubali kwamba aliuza, na awe tayari kushiriki kukamilisha uhamisho. Kama amehamia Mpanda na simu yake haipatikani, hiyo ni kazi ya muuzaji aimalize kabla yako, si yako uimalize baada yake.

Ya pili ni gari la marehemu. Mtoto mkubwa anauza, ana funguo, ana kadi, na ndugu wote wanaonekana kuridhia. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya usimamizi ndiyo inayokulinda siku mjane au mtoto wa nje atakapojitokeza. Kikao cha ukoo ni mwanzo mzuri tu.

Ya tatu ni gari lenye mkopo. "Kadi iko benki, deni limebaki dogo." Inawezekana ni kweli, na si sababu ya kulikimbia gari zuri. Nendeni benki nyote wawili, deni lisomwe mbele yako, sehemu ya bei ilipwe moja kwa moja kwenye mkopo, na kadi itoke pamoja na barua ya kumaliza deni. Usimpe muuzaji fedha akalipe mwenyewe. Na ukiambiwa kadi imepotea, taarifa ya upotevu ya polisi peke yake haikutoshi. Subiri muuzaji apate kadi mpya TRA, kwa sababu kadi nyingi zilizopotea ziko kwenye droo za wakopeshaji wa mtaani.

Ya nne ni magari yaliyoingia kwa msamaha wa kodi, yaliyokuwa ya miradi, mashirika au wageni waliokuja kwa kazi maalumu. Hupendeza kwa sababu yametunzwa, lakini yanapohamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi iliyosamehewa inadaiwa. Karatasi ya kulipa kodi hiyo iwepo mezani. Karibu na hayo ni magari yenye namba za Kenya au Uganda yanayovuka Sirari na Mutukula kwa kibali cha muda. Bei yake huwa tamu kwa sababu ushuru haujalipwa, na siku yakikamatwa hayakamatwi na aliyeyauza.

Baada ya kadi, kagua madeni madogo. Faini za barabarani huonekana kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kuingiza namba ya gari, ada za maegesho zina mfumo wake, na stika ya bima inathibitishwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Hesabu zote zifanyike mbele ya muuzaji, kisha mkubaliane nani analipa. Usidanganyike kwamba gari linadaiwa ada ya mwaka ya leseni ya barabara kwa miaka ya sasa, kwani ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Jambo la mwisho kwenye karatasi ni mwaka. Herufi za namba zinakuonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, wala hazisemi lini lilitengenezwa, na tofauti ya namba D na namba E imewafanya watu waongeze milioni nzima kwa magari mawili yaliyotoka kiwandani mwaka mmoja.

Hatua ya 5: Tambua kazi gari liliyofanya

Hapa ndipo Mwanza inapotofautiana na miji mingine. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo gari lililokaa Kirumba miaka kumi halioliwi na kutu kama lililokaa Tanga. Ila chumvi ina njia zake. Kayabo, yale mapande ya samaki yaliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa ajili ya soko la Kongo, husafirishwa kwa magari, na maji ya barafu ya sangara hudondoka sakafuni usiku kucha kutoka mialo ya Igombe na Kayenze hadi mjini. Gari la namna hiyo huliwa kutoka ndani kwenda nje, na nje linaweza kung'aa.

Mwaka 2016 nilinunua Noah nyeupe, nikaridhika nayo kwa bei, injini na rangi. Ilikuwa na kapeti jipya na harufu kali ya marashi ya gari, nami nikayachukulia hayo kama usafi wa mwenye mali. Mvua ya kwanza ya Novemba iliponyesha, tukafunga vioo, na kabla hatujafika Buzuruga mke wangu akauliza kama nimepitia soko la samaki la Mwaloni. Nilipong'oa kapeti nilikuta sakafu ya nyuma imetoboka mahali pawili, imezibwa kwa bati na lami, na chini yake dagaa waliokauka wa kutosha mboga ya jioni. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachofanya kwenye gari lolote la mkononi ni kufunga vioo vyote, kukaa ndani dakika kumi juani, kisha kunyanyua kapeti na kitako cha tairi la akiba. Marashi mengi kupita kiasi nayahesabu kama kasoro.

Kazi ya pili ya kuichunguza ni abiria. Probox na Succeed zilizofanya kazi ya mchomoko, yaani kubeba abiria kati ya mji na vijiji, hubeba watu wawili wawili kwenye kiti kimoja, na alama zake ni springi za nyuma zilizolala au zilizoongezwa nguvu, bawaba za mlango wa nyuma zilizolegea, na kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango. Namba ya njano ya gari binafsi haithibitishi kwamba gari halikubeba abiria. Tatu ni machimbo: gari lililofanya kazi Geita vijijini lina vumbi jekundu mahali ambapo mwosha magari hafiki, kama ndani ya taa, nyuma ya dashibodi na chini ya mpira wa mlango.

Nne ni mafuriko. Mto Mirongo unapofura, magari yaliyoegeshwa mabondeni huingia maji. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Mstari wa tope kwenye sehemu ambayo huwa imejikunja ndani hauna maelezo mengine. Angalia pia kutu kwenye skrubu za viti na ukungu ndani ya saa za dashibodi. Gari lililozama hufufuka vizuri, likakusumbua umeme maisha yake yote.

Kuhusu kilomita, zisome kama unavyosoma umri wa mtu kwenye uso wake. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma haiendani na kilomita 70,000. Gari la miaka ishirini lenye kilomita 60,000 limetembea kilomita 3,000 kwa mwaka, na katika miaka hiyo limepita Japani, baharini na mikononi mwa Watanzania wawili. Jiulize kama hesabu hiyo inaingia akilini. Tafuta stika za Kijapani za kubadilisha oili, ambazo mara nyingi zimebaki kwenye kingo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Huwa zina kilomita na tarehe, na mwaka wake unahesabiwa kwa vipindi vya wafalme wao: mwaka wa Heisei unaujumlisha na 1988, wa Reiwa unaujumlisha na 2018. Heisei 24 ni 2012. Kama stika ya mwaka huo inasema kilomita 118,000 na dashibodi ya leo inasema 94,000, mazungumzo yamekwisha.

Hatua ya 6: Likague likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na nenda asubuhi. Weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, limepashwa ili lisionyeshe ugumu wa kuwaka, na hapo omba urudi kesho yake.

Fungua kifuniko cha oili. Utando mweupe kama maziwa ya mgando chini ya kifuniko ni dalili ya maji kuingia kwenye oili, yaani gasketi ya silinda hedi au zaidi ya hapo. Fungua rejeta wakati bado ni baridi: maji yawe na rangi ya kulenti, yasiwe ya kutu, wala pasiwe na mafuta yanayoelea. Hapa kuna jambo la kijiografia ambalo mafundi wengi hawalisemi. Kwa mwinuko wa Mwanza maji matupu huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100, na kinachopandisha kiwango hicho kupita 110 ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilicholegea, ambacho Dar es Salaam kingevumiliwa kwa muda, huku kitachemsha gari kwenye mlima wa kwanza. Uliza pia kama thamostati imeondolewa. Ni mazoea ya baadhi ya gereji kuitoa wakidai nchi yetu ni ya joto, na matokeo yake injini huchelewa kufika joto lake na hula mafuta.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini, ya oili na ya eabegi lazima ziwake kwanza, kisha zizimike baada ya injini kunguruma. Taa isiyowaka kabisa imetolewa balbu au imefunikwa, na aliyefanya hivyo alikuwa na sababu. Injini ikiwaka, mtu mmoja asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe mzito unaoendelea hata injini ikipata joto ni maji.

Kwenye bodi, chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uipitishe polepole kwenye milango na fenda, yale mabati yanayofunika magurudumu. Inapokataa kushika, kuna puti, ule udongo wa kuzibia mabonyeo. Puti kidogo kwenye kona ya bampa ni maisha ya mjini. Puti kwenye nguzo ya mlango au kwenye paa ni ajali. Tazama boliti za fenda na bawaba za boneti kama rangi yake imekwanguliwa na spana, kisha lala chini utazame sampo, kwa sababu mawe ya mitaa yetu huipiga, na sampo iliyochomelewa inakueleza njia gani gari lilikuwa likipita. Tairi zina tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hatua ya 7: Safari ya majaribio

Mzunguko wa uwanja wa yadi si majaribio. Omba saa moja na nusu, weka mafuta kwa fedha yako, hakikisha bima iko hai na leseni yako iko mfukoni, muuzaji akae pembeni, redio izimwe.

Anzia viwanja vya Furahisha au mahali pengine pa wazi. Kata usukani wote kulia, zunguka polepole, kisha kushoto. Mlio wa ta-ta-ta kutoka gurudumu la mbele ni jointi za ekseli zilizokwisha. Ukiwa umesimama, hamisha gia kutoka N kwenda D na kutoka N kwenda R. Gari likichelewa zaidi ya sekunde moja au mbili, au likipiga kishindo, giaboksi ina maneno.

Kisha panda Bugando. Katikati ya mlima simama kwa usalama, weka N, shika gari kwa breki ya mkono pekee: libaki hapo lilipo. Ondoka tena bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, na usikilize kama injini inapanda sauti huku gari halisogei. Ukishafika juu, angalia mshale wa joto. Ukiteremka, sikiliza breki.

Baada ya mlima ingia Kenyatta Road kupitia Mkuyuni na Nyegezi hadi Usagara, na ukiruhusiwa muda endelea upande wa Kigongo, kwenye daraja la kilomita 3 hivi lililofunguliwa Juni 2025, ambako kabla ya hapo tulikuwa tukisubiri kivuko. Sehemu zinazoruhusu mwendo wa 80, legeza mkono kidogo kwenye usukani uone kama gari linavuta upande mmoja. Mtetemeko wa usukani huenda ni balansi tu. Mtetemeko wa kiti chako ni jambo la chini zaidi. Wakati wa kurudi washa kiyoyozi, kwa kuwa saa sita mchana ndipo kompresa dhaifu inapojulikana. Ukifika, acha injini ingurume dakika kumi ukitazama mshale wa joto, kisha zima na uwashe tena papo hapo.

Hatua ya 8: Fundi wako, kompyuta yako

Fundi asiwe wa muuzaji wala wa dalali, na alipwe na wewe, liwe gari limefaa au halikufaa, ili asiwe na haja ya kukufurahisha. Mashine ya kupimia itumike baada ya safari ya majaribio, kwa sababu hitilafu zilizofutwa jana jioni zinahitaji mwendo ili zijirudie. Zaidi ya hapo mwachie uwanja wake, ila mwombe aandike orodha ya kasoro na bei ya kila moja.

Hatua ya 9: Bei, mkataba na malipo

Orodha hiyo ya fundi ndiyo lugha ya kujadili bei. Kusema "punguza kidogo, mzee wangu" kunakupa laki moja. Kuweka mezani karatasi inayosema shokapu nne, bushi na tairi mbili kunakupa zaidi, na hakumvunjii mtu heshima. Ukitoa kishika uchumba, kiwe kidogo, kiandikwe, na kieleweke kama kitarudi endapo TRA wataonyesha zuio.

Mkataba wa mauziano uandaliwe na wakili mnayemfuata nyinyi, na wala si fomu tupu iliyokwisha kugongwa muhuri. Uwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya NIDA, TIN za pande zote mbili, namba ya usajili, ya chesisi na ya injini, kilomita za siku hiyo, bei kwa tarakimu na kwa maneno, na mashahidi wa kila upande. Sisitiza saa ya makabidhiano iandikwe, na si tarehe peke yake. Faini na ajali za kabla ya saa hiyo ni za muuzaji. Za baada yake ni zako. Gari likikabidhiwa saa kumi jioni, na saa tano asubuhi lilikuwa limegonga bodaboda Nyakato, mstari huo mmoja wa mkataba utakuokoa.

Fedha ipite benki, kutoka akaunti yako kwenda akaunti yenye jina lililo kwenye kadi, nyote mkiwa kaunta, na kadi na funguo zote zibadilishe mikono hapo hapo. Kisha anzeni uhamisho TRA siku hiyo au kesho yake, muuzaji akiwa bado anapokea simu. Malipo ya serikali yafanyike kwa namba ya kumbukumbu uliyopewa na mfumo, usimkabidhi mtu fedha taslimu "akusaidie foleni." Bima iliyomo ina jina la mtu mwingine, kampuni ya bima iarifiwe au ukate yako kabla hujaingia barabarani, na kwa gari la mkopo au la kutegemea riziki usibaki na bima ndogo, ile ya kumlipa mtu wa tatu, peke yake.

Hatua ya 10: Wiki ya kwanza

Badilisha oili ya injini, filta zake na maji ya rejeta hata kama umeapiwa kwamba vimebadilishwa juzi. Oili ya giaboksi ni tofauti: ikiwa nyekundu na safi, iache, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua kwenye gari la kilomita nyingi, mshirikishe fundi wa giaboksi kabla ya kuimwaga yote, kwa kuwa kumwaga kwa pupa kumewahi kufanya giaboksi iliyochoka isimame kabisa. Hakikisha kuna jeki, spana ya magurudumu, pembetatu na tairi la akiba lenye upepo. Kama ulipewa funguo moja tu, badilisha kitasa cha mlango wa dereva na cha buti, au uchongeshe na kuprogramu funguo mpya huku ile isiyojulikana ilipo ikifutwa kwenye mfumo wa gari.